Nimebadili filta ya hewa na filta ya AC kwenye Mercedes C200, sasa taa ya injini inawaka na upepo bado ni hafifu

#1 Mkazi wa Salasala
Habari za jioni, wakuu. Naomba mawazo yenu kabla sijarudi tena gereji. Gari langu ni Mercedes-Benz C200 Kompressor, umbo la W204, la mwaka 2008, lililotoka Japani. Ninaishi Salasala, kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kuifikia Barabara ya Bagamoyo ninapita kipande cha njia ambacho hakijawahi kuona lami. Hivi karibuni nililipeleka servisi katika gereji moja ya mjini, wakabadili oili, filta ya hewa ya injini na filta ya AC. Siku chache baadaye taa ya injini ikawaka. Gari linachelewa kuitikia ninapokanyaga mafuta kuondoka kwenye taa za barabarani, na tangi linakauka mapema kuliko nilivyozoea. Nilipima kwa mashine, ikasoma P0171. Upande wa AC ndio unaonishangaza zaidi, kwa sababu filta ni mpya lakini upepo ni hafifu, na ninapoiwasha asubuhi inatoka harufu kama ya nguo zilizokunjwa zikiwa bado mbichi.

Je, filta mpya inaweza kuleta shida ambayo filta chakavu haikuwa nayo? Na mtu anajuaje kwamba alichowekewa ni kitu halisi, ikiwa boksi lake lina nembo ya nyota kama kawaida?

#2 Fundi wa Ilala
Pole, mkuu. P0171 maana yake ni kwamba kompyuta ya injini inaona hewa ni nyingi kuliko mafuta. Katika gari ambalo limetoka kubadilishwa filta, mimi huanza na boksi la filta. Mfuniko wake unashikwa na skrubu za Torx (zenye kichwa cha tundu la nyota), na fundi mwenye haraka hufunga mbili akaacha nyingine. Mfuniko usipokaa sawasawa, hewa inaingia pembeni bila kupita kwenye filta, hesabu inaharibika na taa inawaka. Fungua boneti, shika mfuniko huo kwa mkono na uutikise. Ukicheza, umepata ugonjwa wako.

#3 Dada wa Kibada
Mimi ninaiweka shaka kwenye filta yenyewe. Nina Harrier, nayo niliwahi kununua filta ya hewa Kariakoo iliyofanana na ya zamani kwa kila kitu nikiwa dukani, lakini tulipoziweka mbili ubavu kwa ubavu juu ya meza tukaona mpya ina mikunjo michache zaidi ya karatasi, na mpira wake wa pembeni ni mgumu, ukibonyezwa hautoi alama ya kidole. Mpira wa namna hiyo hauwezi kuziba hata mfuniko ukifungwa na skrubu zote. Kwa hiyo, mkuu wa Salasala, kabla hujamlaumu aliyefunga, itoe filta uikague. Hesabu mikunjo yake ukilinganisha na ya zamani, kama walikurudishia.

#4 Mhandisi Mstaafu
Salaam kwenu. Fundi wa Ilala amesema jambo la maana, ila kuna sehemu inahitaji kunyooshwa ili ndugu yetu asitafute mahali pasipo na kitu. Katika injini hiyo ya M271 sensa inayopima hewa imekaa baada ya boksi la filta. Hewa ikiingia kwa kupenya kwenye mfuniko uliolegea, bado itapita mbele ya sensa na itapimwa. Itakuwa hewa chafu, nayo itakula injini polepole, lakini haiwezi kuleta P0171 kwa sababu kompyuta imeihesabu. Hewa inayoleta msimbo huo ni ile inayoingia baada ya sensa, yaani kwenye paipu ya mpira inayokwenda kwenye supachaja (pampu inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini), au kwenye mipira midogo ya kupumulia injini, yaani mirija inayotoa mvuke wa oili.

Niongeze jambo kwa wanaodhani filta ya hewa ni kitu kidogo. Petroli huungua vizuri ikichanganywa na hewa kwa uwiano wa uzito wa 14.7 kwa 1. Ukipiga hesabu, lita moja ya petroli inahitaji zaidi ya lita 9,000 za hewa. Mtu akijaza lita 40 na kuzimaliza kwenye foleni za Mwenge na Ubungo, injini yake imevuta zaidi ya lita 360,000 za hewa ya Dar es Salaam pamoja na vumbi lake lote. Karatasi ile nyepesi ndiyo iliyosimama katikati.

Kuhusu mafuta kuisha haraka, maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilichapisha utafiti mwaka 2009 kuhusu filta zilizoziba. Kwa magari ya petroli yenye mfumo wa kisasa wa sindano za kupuliza mafuta, filta iliyoziba haikubadilisha ulaji wa mafuta kwa kiasi cha maana. Ilichopunguza ni kasi ya gari kuchomoka. Magari ya zamani ya kabureta ndiyo yaliyoongeza ulaji, kwa kati ya asilimia 2 na 6. Kwa hiyo ulaji wa mafuta wa C200 hii una sababu nyingine.

#5 Fundi wa Ilala
Mzee wangu Mhandisi, shikamoo. Nimekuelewa kuhusu mahali sensa ilipo, na hilo ni kweli. Lakini nazungumzia kinachotokea mikononi mwa fundi. Ili kulifungua boksi hilo vizuri, mafundi wengi hulinyanyua, na wakilinyanyua wanachomoa paipu ile ile unayoisema, inayotoka kwenye sensa. Wakirudisha, klampu inabaki imekaa upande, au mdomo wa paipu unakunjika kwa ndani ambako jicho halifiki. Kazi ni ya filta, lakini kidonda kiko kwenye paipu. Ndiyo maana nikasema aanzie hapo hapo.

#6 Mzee wa Upanga
Ninawasoma kwa makini. Mimi nimeendesha magari ya Kijerumani tangu enzi za Mercedes W123 ya zamani, na nimekuwa nikiipuliza filta kwa upepo wa kompresa kila servisi, nikiibadilisha pale tu karatasi inapokuwa nyeusi hata ndani ya mikunjo. Sijawahi kuona taa ya injini kwa sababu ya filta. Pengine vijana wanabadilisha vitu mapema mno, na kila kitu kinachofunguliwa kinaongeza nafasi ya kufungwa vibaya.

#7 Mhandisi Mstaafu
Shikamoo, Mzee. Hoja yako ya kwamba kila kufungua kunaongeza nafasi ya kosa ninaikubali kabisa, na wengi hawaijui. Filta ya karatasi huchuja vizuri zaidi ikiwa imeshakusanya vumbi kidogo kuliko ikiwa mpya kabisa, kwa sababu vumbi la kwanza huziba matundu makubwa na kuwa sehemu ya kichujio. Kuibadilisha kila mwezi ni hasara mara mbili.

Kwenye kupuliza, hata hivyo, siwezi kukubaliana nawe. Upepo wa kompresa una nguvu ya kupanua matundu ya karatasi au kuipasua kwenye mkunjo, mpasuko ambao hutauona isipokuwa ukiweka taa upande wa pili ndani ya chumba chenye giza. Vumbi letu lina mchanga laini wa kwarzi, nao ni mgumu kuliko chuma cha pete za pistoni. W123 yako ilivumilia mengi. Katika C200 hii vumbi linalopenya linakutana kwanza na rota za supachaja, ambazo zinazunguka zikiwa zimekaribiana kwa nafasi ndogo sana, kisha linakwenda kwenye silinda, na mwenye gari anagundua baada ya miaka injini inapoanza kula oili.

#8 Mkazi wa Salasala
Ahsanteni sana. Nimeshika mfuniko, hauchezi hata kidogo. Nimemtafuta pia aliyefanya kazi hiyo, naye amenieleza jambo ambalo sikulijua: filta ya injini waliyoweka si ya karatasi. Ni ile ya pamba nyekundu yenye mafuta, inayooshwa na kutumika tena. Alisema ni ya kudumu na ndiyo maana bei ilikuwa kubwa. Je, hilo linabadilisha mambo?

#9 Kijana wa Tegeta
Linabadilisha kila kitu, kaka! Sensa ya hewa kwenye Mercedes hiyo ni ya waya moto. Kompyuta inausoma ubaridi ambao hewa inauleta kwenye kipande chembamba kilichopashwa joto. Filta ya pamba ikipakwa mafuta mengi kupita kiasi, matone madogo yanabebwa na hewa na kugandamana pale, kisha vumbi linashikana na mafuta. Sensa ikivaa koti namna hiyo, inaona hewa ni kidogo kuliko ilivyo, inaagiza petroli kidogo, na mchanganyiko unakuwa mwepesi. P0171 yako hiyo hapo. Nunua dawa ya kupuliza iliyotengenezwa kwa ajili ya sensa za hewa, usitumie ya kabureta, na usiiguse kwa pamba wala kidole.

#10 Dada wa Kibada
Kijana wa Tegeta, naomba tuwe waangalifu hapo. Watengenezaji wa filta za pamba wamekuwa wakikanusha kwa miaka mingi kwamba filta iliyopakwa mafuta kwa kipimo sahihi inaharibu sensa, na wapo watu wengi wanaozitumia bila shida. Inawezekana tatizo likawa ni wingi wa mafuta na si aina ya filta. Tena ikiwa ni mpya kutoka kwenye boksi, inakuja imeshapakwa kiwandani.

#11 Fundi wa Ilala
Kama ni mpya kweli. Mjini hapa nimeona filta za pamba zilizooshwa kwa petroli, zikapakwa oili ya injini badala ya mafuta yake maalumu, zikarudishwa kwenye boksi safi. Oili ya injini haishikani na nyuzi za pamba vizuri, inatiririka. Muulize aliyekufungia aliinunua wapi na kama boksi lilikuwa na karatasi ya maelekezo.

#12 Muuguzi wa Sinza
Habari zenu. Naona mmeshikwa na injini mkaisahau AC, nami ndiyo ninayoijali kwa sababu nina mtoto mwenye pumu ambaye husafiri nami kila siku kwenda shule. Kwenye W204 filta ya AC iko miguuni pa abiria wa mbele, chini ya sanduku la dashibodi. Kwa magari yetu yenye usukani kulia, hiyo ni kushoto. Unatoa kava la chini, unafungua kifuniko cha filta, na filta inashuka. Mtu asiyependa kupiga magoti huona ni kazi ya kero, na hapo ndipo uzembe unapoingia.

Jirani yangu mwenye BMW alilalamika upepo hafifu baada ya servisi. Filta ilipotolewa ilikutwa imo ndani ya mfuko wake wa nailoni, haukufunguliwa hata kidogo, isipokuwa umetoboka upande mmoja ilipokwaruzwa wakati wa kuingizwa. Alikuwa ameendesha gari hivyo kwa muda mrefu. Usicheke, kaka wa Salasala, kaangalie.

#13 Mzee wa Upanga
Binti yangu Muuguzi amenikumbusha mshale. Filta hizo zina mshale ubavuni unaoonyesha hewa inapita kuelekea wapi. Ikipinduliwa haizuii upepo moja kwa moja, lakini filta nyingi zenye mkaa zina matabaka, lile la kushika vumbi linatakiwa kukutana na hewa kwanza, na la mkaa lifuate. Ukipindua, mkaa unajaa vumbi mapema na unaacha kushika harufu.

#14 Fundi wa Ilala
Na filta ya AC ikiziba inaunguza feni. Nimebadilisha feni na rezista (vidhibiti vya kasi ya feni) za Mercedes na BMW nyingi, na kila nikifungua nakuta filta imekuwa kama kipande cha zulia. Feni inalazimishwa kuvuta isichoweza kukivuta.

#15 Mhandisi Mstaafu
Matokeo uliyoyaona ni ya kweli, fundi, ila njia yake naiona tofauti. Feni ya aina ile, ya pangaboi la duara, ikizibiwa mlango wa hewa inasukuma hewa kidogo, na inapofanya kazi kidogo inavuta umeme kidogo, si mwingi. Jaribu na feni ya kufyonza vumbi ya nyumbani: ukiziba mdomo wake kwa kiganja, mlio unapanda kwa sababu mota imepunguziwa mzigo. Kinachoiua feni ya gari ni kwamba mota na kidhibiti chake hupozwa na upepo huo huo unaopita. Upepo ukikosekana, joto halina pa kwenda, hasa kwa dereva anayeweka namba ya juu kabisa muda wote kwa sababu haoni baridi.

Na kuna la tatu. Upepo ukiwa mdogo, evaporeta, yaani kile kipoozi cha AC kilicho ndani ya dashibodi, hupoa kupita kiasi, na unyevu wa pwani yetu unaganda juu yake kuwa barafu. Dereva anaona AC inaanza vizuri alfajiri, kisha baada ya mwendo upepo unafifia. Akizima kwa muda na kuwasha tena, unarudi. Ndugu wa Salasala, dalili yako iko hivyo, au upepo ni hafifu tangu dakika ya kwanza?

#16 Mkazi wa Salasala
Tangu dakika ya kwanza, mzee. Haubadiliki.

#17 Mhandisi Mstaafu
Basi barafu tunaiweka pembeni kwanza. Harufu ya nguo mbichi, hata hivyo, inatoka kwenye evaporeta, si kwenye filta. Ni ukungu unaoota juu ya mapezi yenye unyevu. Filta mpya haiwezi kuiondoa, kwa kuwa hewa inapita kwenye filta kwanza na kwenye evaporeta baadaye. Isafishwe evaporeta kwa dawa yake, mrija wa kutolea maji chini ya gari uangaliwe kama unadondosha, na ujenge tabia ya kuzima kitufe cha AC dakika chache kabla ya kufika nyumbani huku ukiacha feni ikizunguka ili pakauke.

#18 Mwana wa Mbagala
Wakuu, nakatisha kidogo kwa swali la karibu na hili. Nina Mercedes E350 ya V6, na dukani nimeambiwa filta ya hewa ya injini ziko mbili. Nilidhani wananipandishia bei kwa sababu ya nembo.

#19 Kijana wa Tegeta
Hawajakudanganya, mkuu. V6 ya M272 ina filta mbili za injini juu ya injini, kushoto na kulia, na zinauzwa kama jozi. Ukibadilisha moja tu, upande mmoja unavuta kirahisi na mwingine unabanwa. Vivyo hivyo BMW ya E60 ina filta mbili za AC, na ziko nje chini ya boneti, karibu na kioo cha mbele, moja kila upande. Dereva wa E60 akiambiwa ananunua mbili asishtuke.

#20 Muuguzi wa Sinza
Hapo kwenye filta za chini ya boneti nina swali, kwa sababu nimekuwa nikimwambia kila mtu abonyeze kile kitufe cha hewa kuzunguka ndani tu anapokuwa nyuma ya lori linalotoa moshi. Kama filta iko kwenye mlango wa hewa ya nje, hewa inayozunguka ndani inachujwa na nini?

#21 Mhandisi Mstaafu
Swali zuri sana. Katika magari ambayo filta imekaa kabla ya feni, ndani ya dashibodi, kama Harrier na W204, hewa ya nje na hewa inayozunguka zote hupita kwenye filta, na kila mzunguko husafisha zaidi. Pale filta ilipo kwenye mlango wa hewa ya nje peke yake, hewa ya ndani huzunguka bila kuchujwa, ingawa angalau moshi mpya hauingii. Kwa mtoto mwenye pumu, mpangilio wa kwanza ni bora, lakini usiache kitufe hicho kimebonyezwa safari nzima, kwa kuwa hewa mnayoitoa puani hujilimbikiza na dereva huanza kusinzia. Shirika la Afya Duniani lilishusha mwaka 2021 kiwango linachopendekeza cha chembe ndogo za PM2.5 hadi wastani wa mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa mwaka. Kwa ajili ya mtoto nunua filta yenye mkaa, na jua kwamba mkaa ukishajaa gesi haurudi hata filta ikioshwa.

#22 Mwana wa Mbagala
Ahsante, Kijana wa Tegeta, nitanunua jozi. Na kwa wanaopita Jangwani wakati wa masika, naomba nikumbushe kwamba filta ya hewa si kinga ya maji. Maji yakipanda hadi mdomo wa kuvutia hewa, karatasi inalowa, inalegea, na injini inavuta maji. Maji hayabanwi kama hewa, kwa hiyo koneki rodi, ule mkono unaosukuma pistoni, inapinda. Ukishapita kwenye dimbwi lililofika juu, fungua boksi na uiguse filta kwa mkono kabla ya kuendelea na safari ndefu. Ikiwa mbichi, usiipulize wala kuianika, badilisha.

#23 Dada wa Kibada
Na panya! Kwetu Kibada gari likilala nje chini ya mwarobaini, asubuhi majani yamejaa chini ya waipa na yanaziba njia za maji, na panya wanabeba majani hayo hayo kutengenezea kiota ndani ya boksi la filta. Nimeona filta ya AC iliyotafunwa katikati tundu la kupitisha ngumi, vumbi lote linapita hapo. Mtu anapuliza filta hiyo mwaka mzima bila kugeuza upande wa pili. Mzee wa Upanga, natumaini yako umeigeuza.

#24 Mzee wa Upanga
Nimeigeuza, mwanangu. Ni nzima. Hata hivyo hoja ya mwarobaini naiunga mkono, wanaoegesha chini ya miti wafagie pale chini ya kioo kila wiki.

#25 Mkazi wa Salasala
Wakuu, Jumamosi nimefanya kazi mliyonituma. Filta ya AC haikuwa kwenye nailoni, lakini mshale ulikuwa umegeuzwa. Nimeuweka sawa. Upepo umeongezeka kidogo, si kwa kiwango cha gari lilivyokuwa nilipolinunua. Nilipoingiza mkono nilikuta majani makavu yamelala juu ya pangaboi la feni, nikatoa niliyoyafikia.

Upande wa injini, nimetoa paipu baada ya sensa na kupangusa ndani kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kimetoka na unga wa rangi ya udongo, mwepesi, na mahali karibu na sensa ulikuwa unanata kidogo kwenye vidole. Klampu ilikuwa imekaza sawasawa. Nimepuliza dawa ya sensa, nikafuta msimbo. Taa ilikaa kimya kwa muda, kisha imerudi, P0171 ile ile.

#26 Kijana wa Tegeta
Kunata huko ni mafuta ya filta ya pamba, kaka, sina shaka. Dawa haiwezi kurudisha sensa ambayo imeshachoka. Rudisha filta ya karatasi, ununue sensa mpya.

#27 Fundi wa Ilala
Usinunue sensa bado! Mtu atakula hasara bure. M271 ina ugonjwa unaojulikana, mipira ya kupumulia injini iliyo chini ya supachaja na manifodi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda) hupasuka kwa uzee na joto. Gari la 2008 mipira hiyo imeshafika umri wake. Kule kunata kwenye paipu pia ni kwa sababu mvuke wa oili unarudi kwenye njia ya hewa kupitia mipira hiyo. Servisi imetokea tu wakati mmoja na mpasuko, au fundi aliuvuta mpira wakati wa kunyanyua boksi. Tafuta gereji yenye mashine ya moshi, ijaze moshi kwenye njia ya hewa, utaona unapotokea.

#28 Mhandisi Mstaafu
Kabla ya kununua chochote, mashine ile ile iliyosoma P0171 inaweza kusoma asilimia ya marekebisho ya mafuta, yaani petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza ili kusawazisha mchanganyiko. Isome injini ikiwa imepata joto lake la kawaida, inanguruma na gari limesimama, kisha ipandishe hadi mizunguko 2,500 kwa dakika na uisome tena. Hewa ikiwa inaingia kwenye mpasuko, marekebisho huwa makubwa injini inapokuwa kimya (inanguruma bila kukanyagwa mafuta) na hupungua unapoipandisha, kwa sababu mpasuko mdogo ni sehemu kubwa ya hewa kidogo na sehemu ndogo ya hewa nyingi. Sensa ikiwa ndiyo yenye kosa, au pampu ya mafuta imedhoofika, marekebisho hayapungui, huenda yakapanda.

#29 Mkazi wa Salasala
Nimesoma sasa hivi. Ikiwa kimya, marekebisho ya muda mrefu ni asilimia 19. Kwenye 2,500 ni asilimia 14.

#30 Fundi wa Ilala
Zimepungua. Ni mpasuko.

#31 Kijana wa Tegeta
Zimepungua kidogo tu, fundi! Mpasuko peke yake ungezishusha hadi karibu na sifuri. Kumi na nne kwenye mizunguko hiyo ni sensa.

#32 Dada wa Kibada
Au ni vyote viwili. Nami nauliza, ule unga wa udongo baada ya filta ya injini umetoka wapi? Filta iliyopo sasa, pamba au karatasi, haijaziba sawasawa, na hata mkiondoa P0171 leo, vumbi la Salasala linaendelea kuingia kwenye supachaja. Mimi ningerudisha filta ya karatasi yenye mpira laini kesho asubuhi, kisha ningeendelea na moshi na sensa.

#33 Mhandisi Mstaafu
Namuunga mkono dada kwenye mpangilio huo. Na kabla ya mashine ya moshi, pima presha ya mafuta kwenye reli (bomba linalopeleka petroli kwenye sindano), maana hakuna aliyeigusa mpaka sasa, na pampu inayodhoofika huleta msimbo ule ule.

#34 Mwana wa Mbagala
Mkuu wa Salasala, kuna duka la spea eneo la Gerezani ambako wanakuruhusu kuibonyeza filta kabla ya kulipa, na muuzaji anazo za karatasi za C200. Nitakutumia maelekezo kwa ujumbe wa faragha. Beba ile ya zamani uziweke pamoja juu ya kaunta yake.